Lipia kupima kabla hujalipia spea: gari ikitetemeka sailensi isikule mtaji

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya picha nzuri na kapsheni. Tuongelee gari.

Najua wengi humu tunauza kwa simu, ila mzigo haufiki kwa simu. Kuna wa samaki wanaowahi mnada Feri alfajiri. Kuna wa nguo na vyombo wanaobeba Kariakoo. Kuna wa keki na wa vipodozi wanaovuka na pantoni kupeleka oda Kigamboni. Na gari zetu tunajuana: Vitz, IST, Carina, Corolla ya zamani, Noah, kirikuu. Gari ilishafanya kazi Japani miaka kibao, ikaja hapa ikaendelea na kazi.

Sasa gari hiyo inaanza kutetemeka. Ukiwa kwenye mwendo iko poa, ukisimama inatikisa usukani, mshale wa RPM unapanda na kushuka, mara inazima kabisa ukiwa foleni ya pantoni na nyuma yako wanapiga honi. Unapiga simu kwa fundi. Anakwambia, "Hizo plagi hizo." Unakwenda Gerezani kununua plagi. Bado. "Basi itakuwa koili." Unarudi Gerezani. Bado.

Msimamo wangu leo ni huu: gari mbovu inakula hela, lakini kinachomaliza mtaji wa mfanyabiashara mdogo ni kununua spea kabla ya kujua ugonjwa. Na tunafanya hivyo kwa sababu tumezoea kumlipa fundi kwa kufunga spea, hatumlipi kwa kutafuta tatizo. Tubadilishe hapo.

Hesabu yake iko hivi

Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme plagi ni 40,000. Koili 60,000. Kuosha nozeli 60,000. Throto ya used 120,000. Jumla 280,000, na mwisho wa siku tatizo lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka, kitu cha hela ndogo kabisa.

Kama faida yako kwenye oda moja ni 5,000, hiyo 280,000 ni oda 56. Umefunga vifurushi 56, umejibu "bei gani" mara 56, umebembeleza wateja 56, ili ununue spea ambazo gari haikuzihitaji. Na mara nyingi hela hiyo haikutoka kwenye faida, ilitoka kwenye hela ya mzigo. Ndiyo maana nasema hii ni ishu ya biashara, sio ya gereji peke yake.

Siwatukani mafundi

Fundi mzuri ana masikio yanayozidi mashine. Lakini angalia tunavyomlipa. Akikaa saa mbili anakagua, anachomoa hiki anarudisha, kisha akakwambia "ni mpira huu tu", wengi wetu tunampa elfu tano na asante. Akibadilisha koili nne, anapata hela ya ufundi inayoeleweka, na pengine cha juu kidogo kutoka dukani. Sasa wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?

Kwa hiyo kabla hajafungua boneti, sema hivi: "Fundi, naomba unipimie kwanza. Hela ya kupima nakulipa hata kama hakuna cha kubadilisha. Ukishaona tatizo, nionyeshe, halafu tuongee spea." Kisha muulize maswali matatu:

1. Umejuaje kama ni hiyo?
2. Unaweza kunionyesha?
3. Tukifunga na tatizo likabaki, tunafanyaje?

Fundi wa kweli hakasiriki. Atakuonyesha. Anayekwambia "we nunua tu, mi najua" anataka kufanya majaribio kwa hela yako.

Kazi yako wewe: andika dalili

Mteja akikwambia "bidhaa yako mbaya" bila maelezo, unamsaidiaje? Hata fundi ukimwambia "gari inasumbua" unampa kazi ya kubahatisha. Kwanza uelewe kitu kimoja. Injini ikiwa sailensi, yaani imewashwa na hujakanyaga mafuta, inaishi kwa hewa kidogo na petroli kidogo. Injini nyingi za petroli zikishapata moto hukaa kwenye RPM 600 hadi 800 hivi. Hapo kasoro ndogo inaonekana. Ukikanyaga mafuta, kasoro ile ile inaweza kujificha. Ndiyo maana foleni ya Feri inaifichua, na ukishashika Sokoine Drive unasahau.

Chukua simu, andika majibu ya maswali haya:

*Ukipiga resi inatulia, au inaendelea kumisi?* Ikitulia, anza kushuku hewa inayoingia pasipotakiwa, throto chafu au valvu ya sailensi. Ikiendelea kumisi hata kwenye mwendo, hasa kwenye mlima au ukibeba mzigo, angalia zaidi upande wa moto, yaani plagi na koili, na upande wa mafuta.

*Inatetemeka ikiwa D umekanyaga breki, ila ukiweka N inatulia?* Mauntingi za injini zinaweza kuwa zimechoka. Hapo injini yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, mtikisiko unapita tu kwenye bodi. Plagi hata ukinunua za dhahabu hazitaponya mauntingi.

*Inasumbua ukiwasha AC?* Kompresa inaongeza mzigo kwenye injini, kwa hiyo sailensi inatakiwa ijiongeze. Isipojiongeza, throto chafu ni mshukiwa wa mwanzo.

*Inasumbua asubuhi ikiwa ya baridi, au ikishapata moto?* Majibu hayo mawili yanampeleka fundi sehemu tofauti.

*Ilianza baada ya nini?* Hili ndilo swali tunalolisahau. Je, ni baada ya kuosha injini? Maji ya presha yakiingia kwenye matundu ya plagi, gari itamisi. Baada ya kupita maji Jangwani? Jibu linaweza kuwa hilo hilo. Baada ya kubadilisha betri? Gari nyingi hupoteza kumbukumbu ya sailensi betri ikichomolewa, na huhitaji muda wa kujifunza upya. Baada ya kujaza mafuta? Tunza risiti. Uchakachuaji hatuuzungumzii kama hadithi, mpaka EWURA ilianzisha mpango wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Na kabla hujaogopa: Vitz ya kuanzia 2005 yenye injini ya 1KR ina silinda tatu tu. Hiyo hutikisika kidogo kuliko yenye silinda nne hata ikiwa nzima. Mjue mnyama wako kabla hujampeleka hospitali.

Anza na vya bure

Utaratibu wangu ni rahisi: cha bure kwanza, cha bei ndogo kinafuata, cha bei kubwa mwisho. Zima injini, iache ipoe, fungua boneti.

Angalia mipira ya hewa kati ya kichujio na injini, na ile midogo midogo inayoingia kwenye manifoldi. Ya gari za zamani hukauka na kupasuka upande wa chini ambako huoni. Ipapase. Halafu injini ikiwa inaunguruma, sikiliza kama kuna sauti ya "ssss". Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma haikupimwa, kwa hiyo petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na sailensi inayumba. Kuna watu wanatafuta tundu kwa kupuliza petroli au spirei inayowaka juu ya injini ya moto. Usifanye. Umetoka kutafuta tundu, unakuja kutafuta gari.

Angalia kichujio cha hewa. Kimejaa vumbi? Kibadilishe, ni bei ndogo. Angalia vichwa vya betri na waya wa ethi. Hapa pwani chumvi haina huruma, na kwa wale wa samaki wanaobeba ndoo za barafu kila siku ndio zaidi. Waya wa ethi ulioota kutu unaweza kukuchanganya mwezi mzima.

Kisha throto. Ile sahani inayoruhusu hewa huganda masizi meusi pembeni. Kuisafisha kwa dawa yake na kitambaa ni kazi ndogo, na kwenye Corolla, Carina, Vitz na IST za zamani mara nyingi ndiyo inayorudisha sailensi mahali pake, pamoja na valvu ya sailensi iliyo jirani yake. Ila ukishasafisha usishangae RPM ikikaa juu kidogo mwanzoni. Ipe muda. Na sensa ya hewa ina dawa yake peke yake, usiiguse kwa kidole wala kuifuta kwa tambara.

Kipimo cha kubadilishana, rafiki wa mwenye hela ndogo

Tuseme inamisi kweli, silinda moja haifanyi kazi. IST na Vitz hizi zina koili moja juu ya kila plagi. Fundi anazima gari, anachomoa soketi ya koili moja, anawasha, anasikiliza kidogo, anazima, anarudisha, anahamia nyingine. Ukichomoa koili ya silinda nzima, mtetemo unaongezeka. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeipata silinda mgonjwa.

Sasa hapa ndipo watu wanakosea, wanakimbilia duka. Ngoja. Toa koili ya silinda mgonjwa uihamishie silinda nzima, ya nzima ulete huku. Ugonjwa ukihama na koili, koili imekufa. Nunua MOJA, ile ile. Ugonjwa usipohama, hamisha plagi kwa mtindo huo huo. Usipohama tena, sasa mnaongelea nozeli au kompresheni. Kipimo chote hiki hakijatumia hata shilingi moja ya spea.

Wakati plagi ziko nje, zisome. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu kama mkaa, mafuta yanazidi. Imelowa oili, kuna mahali oili inavuja au inaungua. Na ukikuta oili imejaa kwenye tundu la plagi kwa juu, ni gasketi ya tapeti kava imechoka. Ukifunga koili mpya kwenye oili ile, utanunua tena baada ya muda.

Carina na Corolla za miaka ya 90 zenye distribyuta na waya za plagi, mwachie fundi. Umeme wake unarusha mtu.

Mashine sio nabii

"Nimepima na mashine, imesema koili." Hapana, mashine haisemi hivyo. Mashine inatoa namba. P0301 inamaanisha silinda namba moja inamisi, haisemi kwa nini. P0300 ni kumisi kwa silinda zisizo na mpangilio. P0171 inamaanisha hewa imezidi petroli, na sababu inaweza kuwa mpira uliopasuka, sensa chafu au pampu ya mafuta iliyochoka. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe. Mwambie fundi akuandikie namba yenyewe, uitunze kwenye simu. Ukienda kwa fundi mwingine huanzi sifuri.

Na vile vifaa vidogo vya OBD vya bei rahisi haviongei na kila gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Kisiposoma, haina maana gari nzima. Toyota nyingi za miaka ya 90 zilisomwa kwa waya tu, unaunganisha TE1 na E1 kwenye boksi la kupimia na taa ya cheki injini inapepesa namba. Mafundi wazee wanaijua vizuri.

Vitu viwili nikivisikia nashtuka

Cha kwanza: "Toa masega." Masega yakiziba, kawaida gari inakosa nguvu, inakuwa nzito kupanda. Kutetemeka sailensi peke yake sio sababu ya kuyang'oa. Masega yana wanunuzi mjini, kwa hiyo jiulize anayekushauri uyatoe anataka nini. Kinyume chake ndicho cha kukuhofisha: ukiendesha gari inayomisi wiki kadhaa, petroli isiyoungua inakwenda kuyapika masega. Taa ya cheki injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, usikanyage mafuta mengi. Tafuta pa kusimama.

Cha pili: "Injini imekufa, tafuta nyingine." Kabla ya sentensi hiyo kuna kipimo cha kompresheni, kila silinda na namba yake. Namba zikikaribiana na ziko juu, injini haijafa. Silinda moja ikiwa chini sana, sasa ongeeni. Bila namba hizo, usiuze friji ya biashara kununua injini ya used.

Wenye Noah na Voxy za D4, nanyi mjue yenu. Kwenye injini hizo petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi yanaganda pale bila kuoshwa. Unaweza kuosha nozeli kila mwezi na mtetemo ukabaki. Uliza kuhusu masizi kwanza.

Kwa nyie mnaouza spea mtandaoni

Najua mpo. Mnapiga picha koili Gerezani, mnaweka status, mnatuma kwa basi mpaka Mwanza. Mteja akiandika "nataka koili za IST", msimwambie tu bei. Mwombeni namba ya chesesi na namba ya injini, maana IST ziko za 1.3 na za 1.5, na mwaka nao una maneno yake. Kisha muulizeni: "Umejuaje ni koili? Umejaribu kuhamisha?"

Utasema nitapoteza mauzo. Leo ndiyo, utauza koili moja badala ya nne. Ila yule aliyeuziwa nne na gari bado inatetemeka, anayemlaani ni wewe, sio fundi wake. Na yule uliyemwambia "jaribu kwanza hivi, usinunue" atakutumia shemeji, jirani na bosi wake. Halafu, tafadhali, plagi za kughushi zenye majina makubwa muachane nazo. Boksi linafanana, moto haufanani, na FCC wanakamata mzigo wa bandia bila kujali ulinunua ukijua au hujui.

"Sina muda wala hela ya kupima"

Hii naisikia sana, na ina ukweli. Oda zinasubiri, samaki hawasubiri. Lakini siku moja ya kumlipa bodaboda apeleke mizigo wakati gari inapimwa vizuri ni nafuu kuliko wiki tatu za kwenda na kurudi gereji. Wateja wako waambie mapema, "leo nachelewa kidogo." Mteja anasamehe kuchelewa ukimwambia, hasamehi kutafutwa simu haipokelewi kwa sababu uko juu ya pantoni na gari imegoma kuwaka.

Na hela ya kupima itafutie mahali. Kila oda unayopeleka na gari, tenga 500. Iweke kwenye laini tofauti, usichanganye na hela ya mzigo. Oda 40 ni 20,000. Kwa gari ya zamani hiyo sio anasa, ni gharama ya biashara kama ilivyo vocha na mifuko ya kufungia.

Pia acha kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka kila siku. Pampu nyingi za petroli zimo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe. Ukizoea kuweka ya elfu tano tano huku tangi liko tupu, unaipika.

Ukitaka kuanza leo, usianze kwa kununua chochote. Washa gari, weka N, zima AC, sikiliza dakika mbili. Washa AC, sikiliza. Weka D, kanyaga breki, sikiliza. Andika ulichosikia, kisha mpigie fundi na umwambie utamlipa ya kupima.

Mtumie mwenzako ambaye wiki hii ameshakwenda Gerezani mara mbili kwa gari hiyo hiyo. Na mafundi mliomo humu, semeni kwenye komenti: hela ya kupima peke yake mnatoza kiasi gani? Watu wajue, waanze kulipa.